Naomba ushauri: nataka kutoka wodini niingie kwenye utafiti wa lishe

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Mimi ni mtaalamu wa lishe, nina shahada ya kwanza, na huu ni mwaka wa sita nafanya kazi hospitalini hapa Mombasa. Kliniki ya kisukari hujaa, nami hupata dakika kama kumi tu za kumshauri mama aliyezoea mahamri kwa mbaazi asubuhi na wali wa nazi mchana.

Kinachoniuma ni kwamba ushahidi ninaoutegemea umetoka mbali. Utafiti wa DiRECT wa Uingereza, uliotolewa 2017, ulionyesha kuwa karibu nusu ya wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili waliopewa mlo wa kupunguza uzito walikuwa, baada ya mwaka mmoja, hawatumii dawa na sukari yao imeshuka chini ya kiwango cha kisukari. Lakini mlo wenyewe ulikuwa supu na vinywaji vya pakiti kwa miezi mitatu hadi mitano. Nani kule Kisauni atavimudu? Nataka kupima kama muhogo, mchicha na samaki wetu, kwa vipimo sahihi, vinaweza kutufikisha huko.

Je, nisome uzamili wa lishe tiba, au wa epidemiolojia (jinsi magonjwa yanavyoenea katika jamii) na takwimu? Naona takwimu ndizo zinazonipungukia. Na mliopitia KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kule Kilifi, mtu wa wodini huanzia wapi, usaidizi wa utafiti au masomo kwanza? Nina watoto wawili wadogo, kuhamia Nairobi miaka miwili ni mzigo mkubwa. Na wagonjwa sitaki kuwaacha kabisa.