Je, dawa mpya za maambukizi ya ngozi ziendelee kupewa vivutio vya kisheria?

Mleta hoja

Hoja ninayoiweka mezani ni kwamba vivutio vya kisheria na fedha za umma vinavyotolewa ili kuchochea utafiti wa viuavijasumu visiendelee kutolewa kwa dawa ambayo ushahidi wake pekee ni kwamba, katika maambukizi ya ngozi na tishu laini, haizidiwi sana na dawa zilizopo.

Sheria ya GAIN, iliyopitishwa Marekani mwaka 2012, iliziongezea dawa zinazolenga vimelea sugu miaka 5 ya kuuzwa bila nakala zake kuingia sokoni. Kati ya Mei na Agosti 2014 ziliidhinishwa dalbavansini, tedizolidi na oritavansini, zote tatu kwa maambukizi ya ngozi. Ngozi huchaguliwa kwa majaribio ya dawa kwa sababu wagonjwa wake ni wengi, wekundu hupimika kwa rula, na matokeo hayachelewi: kwa mwongozo wa FDA, yaani mamlaka ya dawa ya Marekani, mgonjwa huhesabiwa kuwa ameitikia tiba iwapo eneo lililoathirika limepungua kwa asilimia 20 au zaidi ndani ya saa 48 hadi 72.

Kinachonisumbua ni wale wanaoachwa nje ya majaribio hayo: wenye kisukari waliopata vidonda vya miguu, walioungua moto, wenye vidonda vya kulalia, na wale ambao tishu zao zinaoza kwa kasi (hao huhitaji kisu cha upasuaji haraka kuliko kitu kingine chochote). Dawa hupimwa kwa watu ambao wengi wao wangepona kwa dawa ya zamani. Kwa upande wa majipu, kupasua na kutoa usaha ndiyo sehemu kubwa ya tiba. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2016, lililohusisha wagonjwa zaidi ya 1,200 waliokwisha kupasuliwa majipu, asilimia 80.5 ya waliopewa kiuavijasumu cha ko-trimoksazoli walipona, na kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa walipona asilimia 73.6. Faida ipo, lakini si kubwa, na imetokana na dawa iliyokuwapo kwa miongo kadhaa.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta hoja, naona unaziba lango ambalo dawa muhimu zimepitia. Daptomaisini iliidhinishwa mwaka 2003 kwa maambukizi ya ngozi. Mwaka 2006 ikaidhinishwa kwa maambukizi ya damu yanayosababishwa na bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, pamoja na yale ya vali za upande wa kulia wa moyo. Dalbavansini hubaki mwilini kwa wiki kadhaa, hivyo dozi moja ya mshipani hutosha kwa maambukizi ya ngozi, na mgonjwa halazimiki kulazwa kwa sababu ya sindano tu. Hilo kipimo cha rula hakilioni, lakini kwa mgonjwa si jambo dogo. Isitoshe, kampuni ya Melinta, yenye delafloksasini iliyoidhinishwa mwaka 2017, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Desemba 2019. Ikiwa hata kwa vivutio hivyo kampuni zinaanguka, ukiviondoa nani atabaki?

Mleta hoja

Kuhusu daptomaisini, nakubali. Hata hivyo, kiuavijasumu cha seftobiproli kilipoidhinishwa Marekani mwaka 2024, kilikuja na jaribio lake la maambukizi ya damu sambamba na yale ya ngozi na nimonia, kwa hiyo inawezekana kampuni kukabili ugonjwa mgumu kabla ya kuomba idhini. Suala la Melinta nalisoma kinyume na unavyolisoma. Miaka ya ziada ya kulindwa sokoni haina thamani ikiwa hospitali zina vankomaisini, kiuavijasumu cha zamani cha bei nafuu, na hazina sababu ya kuiacha. Uingereza ilichukua njia nyingine mwaka 2022: kuzilipia dawa mbili ada ya mwaka, isiyozidi pauni milioni 10 kwa kila moja, bila kujali kiasi kinachotumika. Zote mbili hulenga bakteria sugu wa kundi la Gram-hasi (wenye utando wa nje unaozuia dawa nyingi kupenya), mahali ambapo upungufu ni wa kweli. Dawa ya ngozi iingie katika mpango wa namna hiyo pale tu itakapopimwa kwa wagonjwa ambao leo wanaachwa nje.

Mchangiaji wa pili

Sharti hilo linavutia, lakini lina tatizo la kitabibu. Kidonda cha mguu cha mwenye kisukari mara nyingi kina damu isiyofika vizuri, mfupa ulioathirika na bakteria wa aina nyingi kwa pamoja. Dawa nzuri inaweza kuonekana imeshindwa kwa sababu mshipa wa damu umeziba, na dawa dhaifu ikaonekana imefaulu kwa sababu mpasuaji aliondoa tishu iliyokufa. Mleta hoja atueleze jaribio hilo litawatenganishaje wagonjwa hao, na nani atalilipia kabla ya ada ya mwaka kuanza kulipwa.

Mleta hoja

Wagawanywe tangu mwanzo kwa hali ya mzunguko wa damu mguuni na kwa uwepo wa maambukizi ya mfupa, na upasuaji ufuate utaratibu mmoja katika makundi yote. Kuhusu gharama, fedha za umma ziingie hapo, kwenye jaribio lenyewe, na matokeo yachapishwe hata dawa ikishindwa.