Virgil: chawa wa Augustus, au alimpiga kijembe?

Mleta mada
Wakuu, naomba tujadili bila kuoneana haya. Virgil, mshairi wa Kirumi, aliuanza utenzi wa Aeneid baada ya Octavian, aliyekuja kuitwa Augustus na kuwa mfalme mkuu wa kwanza wa Roma, kumshinda mpinzani wake Antonius na Cleopatra, malkia wa Misri, kwenye vita vya baharini kule Actium, Ugiriki, mwaka 31 KK. Ni vitabu 12, mishororo karibu 10,000, kuhusu Aeneas aliyekimbia mji wake wa Troy ukiteketea, baba kambeba mabegani, mtoto kamshika mkono, akafika Italia kuwa babu wa Warumi.

Mimi nasema huu ni uchawa mtupu. Kitabu cha kwanza tu, Jupiter, mkuu wa miungu, anawaahidi Warumi utawala usio na mwisho. Cha sita, Aeneas anashuka kuzimu na marehemu baba yake anamwonyesha vizazi vijavyo vimepanga foleni, Augustus akiwemo. Cha nane anapewa ngao yenye picha ya vita vya Actium! Na ukoo wa Augustus ulijinadi kuwa umetokana na mtoto wa huyo huyo Aeneas. Hiyo ni kampeni.

Mchangiaji 1
Mkuu, chawa gani anamaliza vile? Kule kuzimu baba alimwagiza: Mrumi awasamehe waliosalimu amri, awaponde wenye kiburi. Sasa nenda mwisho wa kitabu cha 12. Turnus, adui mkuu wa Aeneas huko Italia, yuko chini, kajeruhiwa paja, kanyoosha mkono anaomba. Aeneas anasita, upanga mkononi. Mara anaona begani kwa Turnus mkanda wa Pallas, yule kijana ambaye baba yake alimkabidhi kwa Aeneas, na Turnus akamuua vitani. Anapandwa na hasira, anamchoma kifuani. Roho inashuka kuzimu ikilalamika, na utenzi umeisha hapo hapo. Hakuna harusi, hakuna mji uliojengwa. Shujaa anayesifiwa kwa kutii miungu na wazazi, tendo lake la mwisho ni kumuua mtu anayeomba radhi.

Mleta mada
Umeruka kitabu cha 11. Baba yake Pallas alituma ujumbe kwamba Aeneas anadaiwa damu ya Turnus. Kwa Mrumi, kulipa deni la aliyekukaribisha nyumbani kwake nako ni wajibu. Na Augustus mwenyewe aliweka nadhiri ya kumjengea hekalu Mars Mlipa Kisasi, mungu wa vita, ili alipe kisasi kwa wauaji wa Julius Caesar, baba yake wa kuasili. Mwisho ule ulimfaa kabisa.

Mchangiaji 2
Hoja ya hekalu nzito, hiyo nakupa. Lakini nyote mmempita Dido kama hamjamwona. Malkia huyu wa Carthage, mji wa Afrika Kaskazini, anampokea Aeneas mkimbizi, anampenda, anaachwa kwa kuwa miungu imesema Italia inangoja. Anajiua kwa upanga wa Aeneas mwenyewe, akiomba mlipa kisasi atoke kwenye mifupa yake. Kila Mrumi aliyesikia pale alijua ni Hannibal anayesemwa, yule jemadari wa Carthage aliyeivamia Italia. Carthage Warumi waliichoma 146 KK, na Cleopatra, malkia mwingine wa Afrika, ametoka kushindwa juzi tu. Ilikuwa rahisi sana kumchora Dido kama mchawi aliyestahili. Virgil akamfanya wa kuliliwa. Hata Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Thagaste (Algeria ya leo), anaungama kwamba ujanani alimlilia.

Wanapokutana tena kuzimu, Aeneas anajitetea, machozi yanamtoka. Dido hamjibu neno, anageuka anaondoka. Kwangu hapo ndipo Warumi walipo: wajibu kwanza, na mshairi anakuwekea mezani maiti waliolipia huo wajibu.

Mleta mada
Basi nieleze: Virgil alifariki 19 KK, inasemekana aliacha wosia kazi ichomwe kwa kuwa haijakamilika. Augustus akakataa, akaagiza itolewe. Mtawala anaokoa kijembe alichopigwa?

Mchangiaji 2
Inasimuliwa pia kwamba Virgil alimsomea Augustus vitabu vitatu kwa mdomo wake, na cha Dido kilikuwemo. Kwa hiyo alijua anachookoa. Labda Augustus alikuwa msomaji mzuri kuliko sisi tunaotaka ama chawa ama mpinzani.