Kadi tupu bila noti mkobani, mnaweza?

Wadau, nisaidieni. Naishi Tegeta, mshahara unaingia benki, nami kila mwezi hutoa laki 2 taslimu. Noti yetu kubwa ni ya 10,000, kwa hiyo hizo ni noti 20, pochi inatuna hadi naogopa kupanda daladala. Mume wangu akasema nibebe kadi tu. Jumamosi nikamsikiliza. Mtoto ana homa, nafika duka la dawa, mashine haina mtandao. Nikarudi mikono mitupu. Niliumia mno. Nyie mnafanyaje?

Jibu: Pole sana dada. Mimi nina genge. Mteja wa mchicha wa 500 akilipa kwa simu, nikienda kutoa kwa wakala nakatwa. Faida yenyewe ndiyo hiyo! Kwangu njoo na sarafu.

Jibu: Mama, kadi iwe ya supamaketi. Noti moja ya 10,000 ifiche mbali na pochi, usiiguse hata kwa vocha.

Mwuliza: Asanteni. Yangu nimeshaishonea mfuko ndani ya mkoba. Mtoto anaendelea vizuri, baba mwenye duka jirani alinikopesha dawa.