Mrejesho: ketobeli pamoja na vyuma vizito

Wakuu, niliuliza kama ketobeli (chuma cha mviringo chenye mpini juu) inaongeza pumzi bila kupunguza nguvu ya skwoti (kuchuchumaa na chuma mabegani). Inafaa, mradi upangilie. Vyuma vizito kwanza, ketobeli mwisho: kilo 16, kuibembeza kutoka katikati ya miguu hadi usawa wa kifua mara 15 kila mwanzo wa dakika, kwa dakika 10. Siku ya kuamkia kunyanyua chuma kutoka sakafuni iacheni kabisa, maana misuli ya nyuma ya paja na kiuno ni ileile. Kosa kubwa wakati wa kubembeza ni kuchuchumaa halafu kuinua kwa mabega. Nguvu itoke kwenye nyonga. Mikono ni kamba tu. Mgongo ukianza kupinda, weka chini. Wageni hapa Arusha, mita 1,400 hivi juu ya bahari ambako hewa ni nyepesi, waanze na mara 10. Viganja vikichubuka, mpini unabanwa mno.