Beit al-Ajaib: lirudi vilevile, au liongezewe jengo jipya?

Mwana wa Forodhani
Waungwana, naomba tulizungumze hili. Sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la masultani pale Forodhani, Unguja, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati uliofadhiliwa na Oman ukiwa unaendelea, na wenzetu wawili waliokuwa kazini wakafariki. Mungu awarehemu. Sasa nauliza: jumba lirudi kama alivyoliacha Sultani Sayyid Barghash aliyelijenga 1883, au nyuma yake tuongeze jengo jipya, na ukumbi wa taarab na maonyesho na mahala pa watoto wa skuli? Mie nataka nyongeza. Makumbusho yaliyokuwa humo yalifungwa 2012 baada ya roshani kuanguka. Mwanangu wa kwanza niliwahi kumzungusha pale uani, akautazama ule mtepe, chombo cha kale cha baharini, na kamba zake za kushonea mbao. Huyu wa pili hajawahi kuingia.

Bint Shangani
Vilevile, wala usizidi msumari. Lile jumba la zamani la Mambo Msiige si liko hapa hapa kwetu? Leo ni hoteli. Mji Mkongwe umeingia urithi wa dunia 2000, tukianza kubandika ukumbi huku na mkahawa kule, hautabaki. Halafu nani wa kujenga? Mafundi wa siku hizi wanajua saruji tu, wa chokaa wamekwisha.

Hamadi wa Mkunazini
Dada, vilevile ya mwaka gani? Barghash hakuacha mnara wa saa kwenye jumba lenyewe. Mbele ya jumba palikuwa na mnara wa taa, umesimama peke yake. Mizinga ya Waingereza ikauharibu tarehe 27 Agosti 1896, ile vita ya dakika arobaini hivi, na 1897 ndipo jumba lenyewe likapewa mnara wa saa. Huo mnara unaoulilia ni nyongeza. Baada ya Mapinduzi chama cha Afro-Shirazi, ASP, nao wakalitumia kwa mambo yao. Jumba hili halijawahi kukaa vilevile.

Fundi wa Niru
Nani amekwisha? Mie nimeanza kuzima chokaa na marehemu baba nina miaka kumi na miwili, mikono yangu mpaka leo ina makovu. Chokaa inalazwa shimoni miezi, mpaka uikate kwa mwiko iwe kama siagi. Mamangu alikuwa kwenye mstari wa kupiga sakafu, magongo mikononi, wanaimba, siku kadhaa mpaka chokaa igande. Leo mtu yuko kitako anaandika tumekwisha!
Tatizo si mafundi. Nilikwenda kwenye nyumba moja ya zamani, mwenye kazi akaniambia chokaa inachelewa, akaita watu wa saruji. Mwaka wa tatu nimepita, ukuta umetoa chumvi na lipu inabanduka kama ganda la yai. Mawe ya matumbawe yanavuta maji. Ukiyaziba kwa saruji, maji yatoke wapi?

Bint Shangani
Fundi, sikukutaja wewe. Lakini nyumba ya bibi yangu Kiponda ilipigwa saruji na mtu aliyekuja kwa jina la fundi wa chokaa, na pesa nilitoa mimi. Kwa hiyo nikisema wamekwisha, nasema kwa uchungu wangu.

Fundi wa Niru
Basi mdai huyo aliyekula pesa yako. Usitudai sote.

Niko Muscat
Mnapigania chokaa na mlipaji ni Oman. Mwenye kulipa ndiye wa kuulizwa.

Hamadi wa Mkunazini
Ndugu yangu wa Muscat, tunashukuru kwa mkono wenu, kwa dhati. Ila waliokuwepo siku ile wakaona vumbi Forodhani ni sisi. Usitutoe kwenye nyumba yetu.

Niko Muscat
Babu yangu kazikwa Unguja. Sikutoi mtu, na mie usinitoe.

Fundi wa Niru
Na jambo moja mnalipita. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haifiki mbali. Beit al-Ajaib lilivuka hapo kwa chuma, na zile nguzo ndefu za nje nazo ni za chuma. Chuma na matumbawe na hewa ya bahari, hapo fundi wa chokaa peke yake hatoshi, na wa saruji ndiye kabisa asiguse. Mkijenga huo ukumbi wenu, wekeni na karakana, vijana wajifunze humo humo, kazi ikiendelea.

Mwana wa Forodhani
Karakana nimeipenda. Na ukumbi je? Upande wa nyuma au tutafute kiwanja kingine?

Bint Shangani
Ukumbi subiri kidogo. Fundi, nisamehe kwa lile neno. Ile saruji ya Kiponda naweza kuitoa bila kuangusha ukuta?

Fundi wa Niru
Yamekwisha, dada. Inatoka, ila kwa patasi na polepole, nyundo kubwa usiiruhusu mlangoni. Anzia chini penye unyevu. Ukishaitoa, uache ukuta upumue msimu mzima wa kaskazi kabla ya chokaa mpya. Piga picha ile pembe ya jikoni, na dari juu yake, niione boriti kwanza.