Mahindi yanajikunja mchana, jioni yanafunguka. Ni ugonjwa au jua tu?

Kibuyu_Kitupu:
Wakuu habari za jioni. Niko huku Chamwino, nimelima ekari 2 za mahindi, yalitoka vizuri mno mvua za Desemba na Januari zikanipa moyo nikatia na urea, sasa tangu Februari ianze mvua imekata, leo siku ya 16 hata tone hakuna. Kinachonichanganya ni hiki, ikifika saa tano asubuhi majani yote yanajikunja yanakuwa kama majani ya kitunguu, ukiliangalia shamba unasema basi limekwisha, halafu saa moja jioni nikipita yamefunguka kama hakuna kilichotokea. Jirani yangu mzee mmoja ana mtama pale pale mpakani, udongo ule ule, umetulia tuli. Dukani wameniambia ni wadudu nipige dawa ya elfu 18. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

ShambaKwanza:
Hiyo 18 kaa nayo mkuu. Hakuna mdudu hapo, hindi linajificha jua. Jani lina vitundu vidogo sana huvioni kwa macho, vinaitwa stomata, ndiko maji yanakotokea yakawa mvuke. Mizizi ikihisi udongo umekauka mmea unatengeneza homoni inaitwa asidi ya absisiki, hiyo ndo inaviambia vitundu vifunge. Na jani likiishiwa maji linajikunja ili sehemu inayopigwa na jua na upepo iwe ndogo. Usiku jua hakuna, mizizi inavuta kidogo kilichobaki, jani linajaa tena linafunguka.

Ila usishangilie, maana vitundu hivyo hivyo ndo mlango wa hewa ya ukaa ambayo mmea unapikia chakula chake. Ukifunga hautokwi na jasho lakini haupiki pia, kila siku unapoyaona yamejikunja ujue yamelala njaa siku hiyo. Kwa hiyo usipime mchana, nenda saa kumi na mbili alfajiri. Ukikuta yamefunguka yote bado una muda. Ukikuta yamejikunja na jua halijatoka hapo ndo kilio.

Yamefika kimo gani? Yametoa mbelewele, yale maua ya kileleni yenye chavua?

Kibuyu_Kitupu:
Kifuani, mbelewele ndo zinaanza kuchungulia.

ShambaKwanza:
Aisee. Hapo ndo pabaya kuliko pote. Hindi likiwa na kiu wakati huo mbelewele inatoka kwa wakati wake lakini ndevu zinachelewa, chavua inamwagika wee inaisha, ndevu zinakuja kuchungulia hakuna kitu. Ndo unavuna magunzi yana mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Urea usiongeze tena, bila maji haifanyi kitu. Palilia, magugu nayo yanakunywa, na kama una majani makavu tandaza chini.

Mama_Uwele:
Mwanangu huo mtama wa jirani usiuone umetulia ukadhani haujui kama kuna jua. Pangusa bua lake kwa kidole utaona unga mweupe, ile ni nta, inazuia maji yasitoke. Mizizi yake nayo imesambaa sana na inakwenda chini. Na kikubwa kuliko vyote mtama unajua kusubiri, jua likizidi unasimama haukui, mvua ikirudi unaendelea pale ulipoachia. Hindi halina subira hiyo, likifika wakati wa kuzaa linazaa hivyo hivyo hata kama halina kitu. Hapa Dodoma Februari kukata mvua sio habari mpya lakini watu mnang'ang'ania mahindi kwa sababu ya ugali mweupe na kukwepa kwelea kwelea, wale ndege wanaokula mtama. Kwelea kweli wanachosha, sikatai, mimi mwenyewe nimeamka nao alfajiri miaka na miaka.

Mdigo_wa_Maramba:
Huku Tanga sisi tuna mkonge, huo ndo kiboko. Vitundu vyake unavifunga mchana kutwa unafungua usiku kukiwa na baridi, unavuta hewa unaiweka akiba ndani ya jani, asubuhi jua likitoka unapika na milango imefungwa. Nanasi nalo hivyo hivyo, na mpungate. Asili yake Mexico huko, Mjerumani Richard Hindorf ndo aliuleta 1893. Mbuyu nao mjanja, tanki la maji lile, kiangazi chote unakunywa ya tumboni.

ShambaKwanza:
Mkonge umesema kweli tupu. Mbuyu ndo kidogo sivyo, kiangazi mbuyu unaangusha majani yote unabaki kama umepandwa kichwa chini, haunywi sana. Yale maji ya kwenye shina unayatumia zaidi mwishoni, kutoa majani mapya hata kabla mvua haijanyesha. Kwangua gome kidogo utakuta chini yake kijani, panapika pia japo majani hamna.

Kibuyu_Kitupu:
Nimeenda leo alfajiri. Huku bondeni yamefunguka yote mazuri, kule juu kwenye kichanga mistari kama 30 bado imejikunja na majani ya chini yamekuwa kama karatasi. Nafikiria hayo ya juu niyakate niwape ng'ombe kuliko yakauke bure. Na yule mzee kasema mtama wake uliochipua upya pembeni nichukue pia.

Mama_Uwele:
Huo mtama acha!! Mtama mchanga au uliopigwa na jua una sumu, sianidi, ng'ombe anaanguka hapo hapo hata daktari hujampigia. Na machipukizi ndo mabaya zaidi. Mwambie na mzee afunge ng'ombe wake.

ShambaKwanza:
Mama kasema. Mahindi wape ila kwa kuwa ulitia urea, kata kuanzia juu ya goti, bua la chini ndiko naitreti inakojazana wakati wa jua, nayo ikizidi ni sumu kwa ng'ombe. Changanya na nyasi kavu, usiwape wakiwa na njaa kali. Na ikinyesha kabla hujakata, subiri kama wiki hivi ndo ukate.