Misri kuifuta ndege yake ya kivita HA-300 mwaka 1969, walikosea au waliokoa hela?

Mleta mada:
Wakuu, hii ishu inanikereketa siku nyingi. Miaka ya 60 Misri ya Nasser walikuwa wanaunda faita yao wenyewe pale Helwan, kusini mwa Cairo, ikiitwa HA-300. Mchoro ni wa Willy Messerschmitt, Mjerumani yule yule wa ndege za Hitler, alianzia Hispania huko, Wahispania wakaiachia, Nasser akaidaka. Injini wakampa Mwaustria Ferdinand Brandner, aliyekuwa mateka wa Warusi na akawaundia injini hukohuko. Ikaruka mara ya kwanza 7 Machi 1964, na rubani alikuwa Mhindi, Kapil Bhargava. Halafu Mei 1969 wakaizima. Leo ndege yenyewe imewekwa makumbusho ya Schleissheim karibu na Munich, yaani Mmisri akitaka kuiona akaombe viza kwanza! Mimi nasema walikosea, tena sana.

Mchangiaji wa pili:
Mkuu taratibu basi. Unasema iliruka, iliruka na injini gani? Orpheus, ya Muingereza, ile E-300 ya Brandner bado iko kwenye majaribio. Sasa piga picha we ndo Nasser, jeshi lako lilikuwa linakula hela Yemen miaka kibao, Juni 67 asubuhi moja tu Israeli wanakuchomea ndege zako zikiwa chini hata hazijaruka, hapo unataka ndege leo leo, Mrusi ana MiG-21 ziko tayari, we utakaa unasubiri injini? Halafu mchoraji mgeni, fundi wa injini mgeni, rubani mgeni. Hiyo ya Misri iko wapi hapo?

Mchangiaji wa tatu:
Mi nimecheka tu, nimeangalia vipimo, mbawa ncha hadi ncha hazifiki mita 6. Kosta ya Mbagala ni ndefu kuliko hiyo.

Mleta mada:
Hahaa udogo ndo ulikuwa mpango wenyewe, ndege nyepesi, ipande juu chapchap. Turudi kwa mkuu wa pili. Ya wageni nakubali, ila India nao walianza na Mjerumani, Kurt Tank, kwenye faita yao ya Marut, na hawakuacha, zikatoka 147. Na hapa ndo pananiuma, India walichangia hela kwenye hiyo E-300 kwa sababu Marut ilikuwa haina nguvu, wakapeleka mpaka Marut moja Misri ikafungwa hiyo injini ikarushwa. Cairo walipofuta hawakujiumiza peke yao, Mhindi naye akabaki na kile kile ki-Orpheus. Injini ingeokolewa hata kama ndege inakufa, hela ya kuimalizia wangegawana wawili.

Mchangiaji wa pili:
Kwenye injini hapo umenishika kidogo, sibishi. Ila hao Marut na injini yao dhaifu walipigana vita ya 1971 na Pakistan na kazi ikaonekana. Na Misri 1973 walivuka mfereji wa Suez wakiwa na MiG za Mrusi. Sasa niambie, Oktoba ile wangevuka na nini, na HA-300 ngapi?

Mleta mada:
Zisingefika hata kumi, hilo sina ubishi. Mi naongelea 1980, sio 1973.